Wimbo Usiotembeza Bidhaa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Tangazo la biashara ni kujitembeza. Lakini Japani ilipata nyimbo za matangazo zisizonadi kitu. Mwaka 1951, redio za binafsi zilipoanza, Miki Toriro aliitungia kampuni ya Konishiroku wimbo wa mpiga picha wa ridhaa, bila kuitaja kampuni. Mwaka 1973, katika televisheni, wimbo wa Hitachi uliotiwa muziki na Kobayashi Asei haukusifu jokofu wala redio: uliuliza tu jina la mti. Mti wenyewe umesimama Moanalua, kisiwani Oahu, Hawaii. Hitachi huilipa bustani kwa sura yake, na malipo hayo husaidia kuitunza. Bidhaa za mwaka ule zimechakaa. Mti ungali na kivuli.