Kutoka Baraka za Wazee hadi Mbegu ya 310

Novemba 2014 nambari 310 iligeuka utani Nairobi. Runinga ya KTN ilikuwa imefichua jinsi mhubiri mmoja alivyowahimiza watu wapande mbegu ya shilingi 310 kwa simu ili wavune muujiza, na jinsi maji ya kuoshea miguu yalivyogeuka mekundu kama damu kwa kemikali tu. Jiji likacheka. Mwanasheria Mkuu akasimamisha usajili wa makanisa mapya. Kanuni zilizopendekezwa baadaye zikapingwa na viongozi wa dini hadi zikaondolewa mwaka 2016.

Kicheko kile, kwa maoni yangu, kilikusanya pamoja mambo mengi mno. Kuamini kwamba neno likitamkwa huzaa jambo hakukuletwa na wahubiri wa runinga. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1899, Wakikuyu wa Dagoretti waliomba nyuso zikiuelekea mlima Kirinyaga, mzee akinena heri na wenzake wakiitikia "thaai", yaani amani. Kirumi, laana ya mzazi, kiliogopwa mno. Waswahili nao hawajaacha kuonyana kuwa maneno huumba. Ila mzee yule hakujiombea gari. Aliomba mvua, mifugo na watoto, na heri ikishuka ilikuwa ya mbari nzima.

Kutamka utajiri wako mwenyewe kuna ukoo mwingine. Katika karne ya 19 Phineas Quimby, mtengenezaji saa wa Maine, Marekani, alifundisha kwamba ugonjwa huanzia katika fikra. Mwaka 1937 Napoleon Hill aligeuza fikra ya namna hiyo kuwa kitabu cha kutafutia mali, ambacho hadi leo utakiona kimetandazwa kando ya barabara katikati ya jiji letu. Makanisani, mhubiri Kenneth Hagin wa Oklahoma alifundisha waumini kukiri walichotaka kana kwamba wameshakipata.

Mbegu hiyo ya mafundisho ilikuta udongo tayari hapa Kenya. Mwaka 1988 mwinjilisti Reinhard Bonnke alihubiri Uhuru Park, Rais Moi mwenyewe akahudhuria. Miaka ya tisini ikaja na masharti ya Benki ya Dunia, watumishi wa serikali wakapunguzwa kazini, na kwa aliyepoteza mshahara, "napokea!" lilikuwa neno la kushika. Machi 2007 ikazinduliwa M-Pesa, na sadaka ikaweza kutolewa hata na mtu aliyelala kitandani Kangemi.

Mama mboga wa Kawangware anayetamka kila alfajiri kwamba leo atauza, kisha akapanda matatu kwenda Marikiti kununua sukuma wiki, simcheki. Wala kijana wa Kilimani aliyebandika ukutani picha ya nyumba anayoitaka, mradi kodi ya anayokaa amelipa. Ninacholaumu ni hesabu ya mavuno: yakikosekana, kosa ni la mpandaji, imani yake haikutosha, mpokea mbegu hadaiwi kitu.

Zamani mvua ikikataa, wazee walirudi chini ya mti wa mugumo, wakachinja tena, wakaulizana wao kwa wao palipoharibika. Aliyetuma 310 hupata ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa zimefika, kisha hukaa na simu yake akijiuliza yeye ameamini kiasi gani.