Namba Iliyo Tumboni mwa Kitofali

Chukua kitofali cha Lego chenye vinundu vinane, safu mbili za vinne vinne, ukigeuze. Tumboni mwake kuna tarakimu ndogo zilizovimba, zinazosomeka vizuri ukikielekeza kwenye mwanga: 3001. Mtoto anayecheza hana haja nazo. Lakini anayejenga kwa vitofali hivyo kwenye kompyuta huanza safari yake hapo, na aliyemfungulia njia ni James Jessiman wa Australia.

Mwaka 1995 Jessiman alitengeneza LDraw, programu ya kompyuta za DOS iliyochora vipande vya Lego kwa uwiano wake halisi. Alijiwekea vipimo vyake mwenyewe: kutoka kinundu hadi kinundu 20, kimo cha kitofali 24, kimo cha kibamba chembamba 8. Kwa hiyo vibamba vitatu vikipandana vinalingana na kitofali kimoja, sawasawa na mkononi. Kila kipande alikipa faili lake, na faili hilo akaliita kwa namba ile ile ya tumboni. Kitofali chekundu kikaandikwa hivi:

1 4 0 0 0 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat

Ile 1 inaeleza kwamba kinachofuata ni kipande. 4 ni rangi nyekundu. Sufuri tatu zinaonyesha kilipo, tarakimu tisa zinaonyesha kilivyoelekea, kisha kinatajwa chenyewe. Mstari huu naupenda sana, kwa sababu yeyote mwenye subira anaweza kuusoma, hata kuuandika kwa mkono.

Jessiman alifariki mwaka 1997, na maktaba ya vipande ikiwa bado changa. Wapenzi wa Lego hawakuiacha ife. Walipima kipande kimoja baada ya kingine, wakachora, wakakaguana kazi, bila malipo yoyote.

Namba, hata hivyo, inakufaa ukiwa na kipande mkononi. Ukiwa nacho kichwani tu unahitaji jina, na majina hayakubaliani. Chukua 3039, kile chenye uso ulioinama. Wenye kiwanda, huko Billund nchini Denmark, wanakiita kwa Kiingereza kigae cha paa. Watu wa LDraw wakakiita mteremko, na neno kigae wakalipa kipande bapa kisicho na vinundu. Basi mtu anaandika "kigae" kwenye kisanduku cha kutafutia akitaka paa, analetewa sakafu. Rangi nazo ni vivyo hivyo. Kijivu hafifu cha siku hizi ni 194 kwa kiwanda, 71 kwa LDraw, na 86 kwa BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa na Dan Jezek mwaka 2000. Rangi ni moja, namba tatu.

Lego nao walitoa programu yao, Lego Digital Designer, miaka ya mwanzo ya 2000. Humo vipande vilipangwa kwa picha na makundi, mtu achague kwa macho. Kwa mtoto ilikuwa nzuri mno. Kwa anayesaka bawaba moja kati ya mamia ya vipande, macho yalichoka kabla ya kuipata.

Mwaka 2019 Lego waliinunua BrickLink. Mwaka 2022 wakatangaza kuiweka kando programu yao na kuwaelekeza wajenzi kwenye Studio, programu ya BrickLink. Studio hiyo hutumia maktaba ya vipande ya LDraw. Kwangu mimi hiyo ni hukumu ya haki: kazi ya watu waliojitolea imedumu kuliko ya kampuni yenyewe.

Kama kipande unacho, basi, usihangaike na majina. Kigeuze usome namba, uiandike. Ukipakua maktaba kamili ya LDraw, fungua pia kabrasha la mifano. Gari dogo alilolijenga Jessiman mwenyewe bado limo.