Bagalu na Bagika: Ngoma Iliyompa Mtazamaji Hukumu

Simulizi za Usukumani zinasema kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindania ukali wa dawa zao. Uwanja wa shindano ulikuwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo wachezaji wa mbina, yaani ngoma za Kisukuma, wamegawanyika hivyo.

Kanuni ni moja: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na lenye watazamaji wengi ndilo mshindi. Huku ningi, yaani mtunzi wa nyimbo, anamrushia mpinzani wimbo wa kejeli. Kule chatu anatolewa. Watu wanahama mbio, vumbi linatimka, na aliyekuwa akishinda analazimika kubuni jambo jipya papo hapo. Hegel, mwanafalsafa wa Ujerumani, alifundisha kwamba wazo hukua kwa kugongana na kinyume chake. Wasukuma wamelicheza somo hilo kwa vizazi: Bagalu wakitoweka, Bagika hawana wa kuwanoa.

Mzigo wa kuamua anao mtazamaji. Nagarjuna wa India ya kale alichambua mambo kwa majibu manne: ndiyo, siyo, ndiyo na siyo, wala ndiyo wala siyo. Mtazamaji naye anayo manne: Bagalu wamenoga, Bagika wamenoga, wote wamenoga, au hakuna aliyenoga.

Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyepita Jinja, kaskazini mwa Ziwa Victoria, katika safari aliyoianza mwaka 1925, alikwisha kuandika mwaka 1921 kuhusu nguvu nne za nafsi: kufikiri, kuguswa moyo, milango ya fahamu na machale. Uwanjani zote zina kazi. Jicho linamwona chatu, akili inapima maneno ya wimbo, moyo unavutwa na upande wa nyumbani, na machale yanasema ng'ambo kunakaribia kupamba moto.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, Kisesa, aliyapa mashindano haya nafasi katika Bulabo, sherehe ya Ekaristi ya kila mwaka. Wazazi wa Mwanza, wapelekeni watoto wenu. Wasimame kwa Bagalu, wavuke kwa Bagika, ndipo watoe hukumu. Taifa linahitaji raia waliozoea kusikiliza pande zote kabla ya kuamua.