Chini ya Mita 200

Agosti 1912, miezi minne baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti redio. Jeshi lake la majini lilikuwa limechoshwa na vijana waliojiundia mitambo nyumbani na kuvuruga mawasiliano kwa cheche zao. Sheria haikuwapiga marufuku. Iliwasukumia kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, kwa nguvu isiyozidi kilowati 1. Wakati ule wataalamu waliamini kuwa wimbi refu ndilo lifikalo mbali, na hayo mafupi hayana faida. Ilikuwa kama kitinda mimba kurithishwa shamba la mawe.

Wanaredio wa ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa mapenzi tu bila malipo, walililima shamba hilo. Jembe lao lilikuwa valvu: kichupa cha glasi kilichonyonywa hewa, chenye uzi unaowaka kama wa taa ya umeme. Uzi ukipata moto hutoa elektroni, nazo hukimbilia bamba la chuma. Katikati pana wavu mwembamba, aliouongeza Lee de Forest mwaka 1906. Badiliko dogo la umeme kwenye wavu huleta badiliko kubwa kwenye mkondo unaopita. Hivyo ishara hafifu hukuzwa, na mtambo huweza kurusha wimbi tulivu badala ya kelele za cheche.

Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alipiga hema karibu na Ardrossan, pwani ya Uskoti, akatandaza waya mrefu, akakesha akisikiliza katika mvua na baridi. Alinasa ishara za wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki, zikiwemo za kituo cha valvu cha 1BCG, Connecticut. Lakini kusikia si kujibizana. Mwishoni mwa Novemba 1923 Léon Deloy, akiwa Nice, Ufaransa, alijibizana kwa alama za Morse na Fred Schnell aliyekuwa Connecticut. Wimbi lao lilikuwa la karibu mita 100, nusu ya ule mpaka wa sheria. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell, katika shamba la kondoo huko Shag Valley, New Zealand, aliita. Akajibiwa na Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18 wa Mill Hill School, London. Ni karibu nusu ya mzunguko wa dunia.

Siri ilikuwa angani. Mawimbi mafupi hupanda hadi kwenye tabaka lenye chembe za umeme, yakarudishwa ardhini mbali sana, yakapanda tena. Kennelly na Heaviside walilikisia tabaka hilo mwaka 1902. Majaribio ya Edward Appleton ya Desemba 1924 yakalithibitisha.

Shamba la mawe lilipoonekana lina dhahabu, wakubwa walirudi. Mkutano wa kimataifa wa Washington wa 1927 uliwaachia wanaredio wa ridhaa vipande tu. Sehemu kubwa ilikwenda kwa serikali, meli na watangazaji. BBC ilianza kutangazia makoloni kwa masafa mafupi mwaka 1932, na mwaka 1957 ikaanzisha idhaa ya Kiswahili. Wazee wetu walizoea kutajiwa mita bendi: 19, 25, 31, 49. Zote ziko chini ya 200.

Redio za valvu za zamani hizo bado zinafufuliwa, mara nyingi katika jioni za klabu za wanaredio. Kanuni ya kwanza ya fundi ni kutoichomeka kwenye umeme papo hapo. Kapasita zilizozeeka huvuja, na zinaweza kuunguza transfoma. Hubadilishwa kwanza, kisha umeme hupandishwa polepole, macho yakiwa kwenye valvu. Uzi ukishika moto, kioo chenye majina ya miji ya mbali nacho huangaza.

Miji mingi iliyoandikwa pale haisikiki tena. Mashirika makubwa yanapunguza masafa mafupi na kuhamia mtandaoni, na msikilizaji asiye na intaneti anabaki na mvumo mtupu. Wanaredio wa ridhaa wamo bado, kwenye vipande vyao vya mita 80, 40 na 20, wakiitana usiku bila malipo.