Breki za Mafuta za Pikipiki ya Zamani: Soma Ubovu kwa Mkono

Honda CB750 ilipotoka mwaka 1969 ikiwa na breki ya diski mbele, pikipiki nyingi zilifuata mkondo huo. Zilizobaki leo zina mipira na paipu za umri mkubwa. Mwenye pikipiki kama hiyo Kakamega ana mtihani wake: mvua ni nyingi, na barabara ya kwenda Kisumu, ukishapita Chavakali, Mbale na Majengo, ina mteremko mrefu. Wapwani nasi tuna unyevu wa bahari na chumvi, kwa hiyo somo ni moja.

Kabla ya kufungua chochote, bana breki na usikilize mkono wako.

Breki laini kama sponji. Kuna hewa ndani, au paipu ya mpira imechoka na inavimba ukibana. Toa upepo kwanza. Ikibaki laini, badilisha paipu.

Ukiishikilia inazama polepole. Tafuta mafuta yanayovuja kwenye maungio na kalipa. Pakiwa pakavu kote, mshukiwa ni mpira wa ndani ya masta silinda.

Gurudumu linakwama baada ya kuachia. Pistoni ya kalipa imeshika kutu, tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye masta silinda limeziba, au paipu imejifunga kwa ndani.

Nzuri nyumbani, mteremkoni haipo. Huu ndio ubovu hatari zaidi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 155. Ukibana breki mteremko mzima, mafuta huchemka na kutoa mvuke. Mvuke hubanika, basi breki inafika kwenye usukani bila kushika kitu. Ikipoa inarudi sawa, na fundi wa chini ya mteremko haoni kosa. Dawa ni kubadilisha mafuta yote kila miaka 2, hata kama rangi yake bado inapendeza. Na mteremkoni, shuka kwa gia ndogo.

Kutoa upepo

1. Jaza kikopo cha juu kwa mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 ni jamii moja. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nazo.
2. Vika mpira mwembamba kwenye nipo ya kalipa, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki.
3. Bana breki, shikilia, legeza nipo kidogo, kaza, ndipo uachie. Rudia hadi povu liishe.
4. Usiache kikopo kikauke, hewa itaingia upya.

Usitie oili ya injini wala kuoshea mipira ya breki kwa petroli. Huvimba na kuharibika. Mafuta ya breki yakidondokea rangi, mwagia maji mara moja.

Ukimaliza, bana breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ijaribu mahali tambarare kwa mwendo mdogo. Isiposhika sawasawa, isukume hadi kwa fundi, usiipande.