Kutoka Gati ya Matrah hadi Visiwa vya Dimaniyat

Msafiri aingiaye Maskati kwa bahari hupokewa kwanza na majabali yaliyo tupu, kisha na ngome ya Matrah, athari ya Wareno, waliouteka mji mwaka 1507 wakatolewa na Waomani mwaka 1650. Na chini ya ngome hiyo ndipo ilipo Bandari ya Sultan Qaboos, iliyoanza kazi mwaka 1974 na ambayo, baada ya shehena za biashara kuhamishiwa Sohar mwaka 2014, imeachiwa zaidi meli za watalii.

Lakini ghuba hii ilikuwa bandari karne nyingi kabla ya gati. Hapa manahodha walingoja kaskazi ivume ili watweke matanga kuelekea Mombasa, Lamu na Unguja, na kwa kusi wakarudi na boriti, pembe na karafuu, hasa katika zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala pande zote mbili za bahari hata alipofariki mwaka 1856 akiwa safarini. Bahari hiyo ilikuwa na bidhaa nyingine iliyo kongwe kuliko karafuu, nayo ni gamba la kasa aitwaye ng'amba: kitabu cha mabaharia wa Kiyunani, kilichoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita, kilikwisha litaja miongoni mwa vitu vilivyouzwa Rhapta, katika pwani yetu. Kwa ajili ya vitana na visanduku vya matajiri, kiumbe huyu aliwindwa kila upande wa Bahari ya Hindi, hata akakaribia kutoweka.

Kwa hiyo naona kuwa ni tendo la heshima kubwa kwamba taifa lililoishi kwa biashara ya bahari lilitoa, mwaka 1996, amri ya kuvihifadhi Visiwa vya Dimaniyat. Navyo ni visiwa 9, upande wa machweo wa Maskati, mwendo wa kilomita 16 hadi 18 kutoka pwani ya Barka na Sib, na hifadhi yake, bahari pamoja na nchi kavu, ni kilomita za mraba 203. Mamia ya ng'amba hupanda fukwe zake kutaga. Jike hufukua shimo usiku, akaacha humo mayai yapatayo 100 au zaidi, akayafukia, akarudi majini asiyatazame tena, na baada ya miezi miwili hivi mchanga wenyewe, kwa kiasi cha joto lake, huwa umekwisha kuamua watoto watakuwa wa kike au wa kiume. Chini ya maji mna matumbawe, pono, taa na kasa, na mara nyingine hupita papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyemdhuru mtu.

Hifadhi hiyo haiingiwi bila idhini, na kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba kushuka visiwani ni marufuku, kwa ajili ya mazazi ya ndege na kasa. Wako wanaoiona sheria hii kali. Mimi naiona kuwa ni adili. Wala Waomani si peke yao katika adili hiyo: Wazanzibari, ambao jamaa zao wengi wanaishi Maskati, walikwisha kukihifadhi kisiwa chao cha Chumbe mwaka 1994.

Basi, ewe msafiri, ukijaaliwa kufika, mwambie nahodha afunge chombo kwenye boya wala asitupe nanga juu ya matumbawe. Usimguse ng'amba, usimzuie njia anapopanda kuvuta pumzi, na usinunue gamba lake popote utakapolikuta likiuzwa.