Harufu Isiyo na Mwenyewe

Kiwangwa, katika bara la nyuma ya Bagamoyo, ni nchi ya mananasi. Msimu ukifika, mpita njia huyasikia kabla hajayaona mafungu yake kando ya barabara. Chini ya ardhi hiyo ya Mrima ilifukiwa harufu ya namna nyingine: sandarusi, utomvu wa miti iliyokufa zamani, ambao katika karne ya 19 watu waliuchimba, ukauzwa Unguja na kusafirishwa hadi Marekani na Ulaya kutengenezewa vanishi. Kipande chake kikitiwa motoni, hutoa harufu ya mti ambao hakuna aliye hai aliyepata kuuona. Hata hivyo harufu hizi mbili zina mwenyewe: nanasi lipo, na sandarusi ipo. Makala haya yahusu harufu ya tatu, isiyo na mwenyewe. Mtu husikia moshi na hapana moto. Husikia uvundo na hapana mzoga. Husikia udi ilhali chetezo kimekwisha kupoa.

Yafaa tuanze na lugha, kwani ndiyo iliyotufundisha namna ya kuifikiri harufu. Kiswahili chatenga kunuka na kunukia, na kila mtoto wa pwani aijua tofauti hiyo. Lakini chatenga pia kunusa na kusikia harufu. Anusaye hutenda: huipeleka pua yake kwa samaki ili ajue kama ameoza. Asikiaye harufu hutendwa: harufu humjia kama sauti imjiavyo. Basi mtu aliyesikia harufu asiyoisikia jirani yake alikuwa sawa na mtu aitwaye na sauti wasiyoisikia wenziwe, na swali lililofuata halikuwa "Ni nini?" bali "Ni nani?"

Ulimwengu wa swali hilo ulielezwa na mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten, zimo habari za pepo na uganguzi wao. Katika uganga huo wa pwani, harufu ni njia ya mawasiliano. Mgonjwa hufunikwa nguo na kufukizwa. Kila pepo ana mafusho yake ayapendayo. Na pepo akiridhika hupanda kichwani, akasema kwa kinywa cha kiti chake. Palipo na imani kwamba pepo huitwa kwa harufu, ni wepesi kuamini kwamba naye aweza kubisha hodi kwa harufu.

Tutoke Mrima kidogo twende London, kwani miaka hiyohiyo swali hilo liliulizwa huko kwa njia nyingine. Mwaka 1889 madaktari John Hughlings Jackson na Charles Beevor walitoa habari za mwanamke mmoja, mpishi kwa kazi yake. Alikuwa akishikwa na hali ya ghafla: husikia harufu mbaya mno, na papo hapo humwona mwanamke mdogo mweusi akishughulika na mapishi. Lau angaliishi Bagamoyo, jina la pepo wake lingalitafutwa siku hiyohiyo. Alipokufa, ubongo wake ulichunguzwa, ukaonekana uvimbe upande wa kulia, katika sehemu iliyo ndani ya panja. Jackson akathibitisha jambo alilokuwa akilifikiri: kwamba harufu yaweza kuzaliwa ndani ya kichwa, na kwamba kifafa si lazima kimwangushe mtu chini.

Elimu iliyofuata imeongeza sababu nyingine, na nyingi si za kutisha. Mafua makali, uvimbe wa matundu ya uso, vinyama vya puani na jino bovu vyaweza kuleta harufu za uongo. Huzileta pia pigo la kichwa, kipandauso, baadhi ya dawa, ugonjwa wa Parkinson na maradhi kadhaa ya akili. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 uliwapokonya watu wengi uwezo wa kusikia harufu. Ulipowarudia, baadhi yao walisikia moshi na uvundo usiokuwapo. Mishipa ya pua ilikuwa imejeruhiwa, na ilipokuwa ikijiunga upya ilipeleka habari zilizochanganyika.

Sababu ya kifafa ndiyo isiyostahili kungoja. Dalili zake zajulikana: harufu hiyohiyo hurudi kwa ghafla, hudumu sekunde au dakika chache, na pengine mtu hukodoa macho, hutafunatafuna bila chakula, kisha hakumbuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kusini mwa Morogoro. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao kwa hofu ya kuambukizwa, na wengine wenye makovu ya moto kwa kuanguka jikoni. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kuguswa. Vidonge vilipowafikia, wengi walipata nafuu.

Simtaji Mtoro ili nimweke chini ya Jackson. Uganga wa pwani ulikuwa na adabu moja ambayo hospitali zetu zenye foleni ndefu huisahau: ulimwamini msemaji. Haukumwambia "Wajidanganya", ulimkalisha, ukamuuliza harufu ni ya nini, huja lini, na baada yake hutokea nini. Hayo ndiyo maswali yaleyale ambayo daktari wa ubongo huyauliza. Ulipokosea ni pale ulipokwisha kupata jina la pepo ukaona kazi imekwisha, na mgonjwa akabaki na moshi wa ubani huku kifafa kikiendelea kumla.

Kwa hiyo jamaa akisema anasikia harufu ambayo nyumba nzima haiisikii, asichekwe, wala asikimbiliwe na chetezo. Aulizwe kwa upole, yaandikwe asemayo, na apelekwe hospitali na maneno yake mkononi. Harufu anayoisikia haimo nyumbani, lakini kuisikia kwake ni kweli.